Mng'aro wa Visu vya Mkwe Wangu

Mkwe wangu anapenda visu vya kukunja. Hapa Kigali wapo wanaume wa umri wake na kazi yake wanaopenda saa, wengine viatu, wengine baiskeli za kupandia vilima siku ya Jumapili. Yeye ni visu. Anavilaza katika droo ya kabati la sebuleni, juu ya kitambaa kinene cha kijani, kila kimoja na nafasi yake. Vingine vimetoka nchi za mbali, vimetengenezwa na fundi mmoja kwa mkono wake. Siku nilipokuwa bado mgeni katika nyumba ile nilimwuliza kile chenye mpini wa pembe kinakata nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kukulia Uganda, "Hii haina kazi, Mzee. Hii iko ya kuangalia tu."

Nilicheka mpaka na yeye akacheka. Maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia Biryogo, nikinoa visu vya wachinjaji na wachoma nyama, na mikasi ya mafundi cherehani. Kisu kilichofika mikononi mwangu kilikuwa na mtu mlangoni anakisubiri. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakaa kwenye sofa, shuka miguuni, nimeshika kisu ambacho hakina haraka ya kwenda popote.

Nilifika kwa binti yangu kwa sababu ya kuanguka. Kichochoro chetu cha Biryogo kinapanda kwa ngazi za mawe, na alfajiri moja ya mvua, nikielekea msikitini, niliteleza nikaangukia nyonga. Waliokuwa wanatoka kuswali ndio walionikuta. Binti yangu ndiye mtoto wangu pekee aliyebaki hapa nchini. Mama yake alitangulia mbele ya haki zamani. Alinitoa hospitalini akanipeleka moja kwa moja kwake, upande wa Remera, barabara ya ndani nyuma ya Gisimenti, bila kupita Biryogo hata kunichukulia kofia. Nilipewa chumba chenye dirisha kubwa, godoro lisiloumiza, na bafu la maji ya moto lenye vyuma vya kushikilia ukutani. Nilisema Alhamdulillah, na niliimaanisha. Wazee wenzangu wangapi wana mtoto wa namna hii?

Nyonga ilipona. Nilianza kutembea na fimbo, kutoka chumbani mpaka sebuleni, sebuleni mpaka kibarazani, kibarazani mpaka getini. Safari ilikuwa ikiishia hapo getini. Mlinzi alikuwa ameambiwa asinifungulie nikiwa peke yangu. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyekulia Burundi, na aliona haya kunikatalia. Akaniambia, "Mzee, ukitoka wewe, na mimi nimetoka. Tofauti ni kwamba wewe utarudishwa." Nikamwelewa. Tukawa tunakaa wote wawili kwenye benchi lake, tukilitazama geti kwa ndani, yeye akiwa kazini na mimi sijui nikiwa wapi.

Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka kurudi kwenye vyumba vyangu viwili Biryogo, ili alfajiri nitoke kwa miguu yangu niende kuswali na watu ninaowajua. Upande ule wa Remera msikiti upo, lakini uko ng'ambo ya barabara kubwa. Nilipelekwa Ijumaa kwa gari, nikashushwa mlangoni na kuchukuliwa mlangoni kama gunia la mchele. Swala nyingine zote niliziswali chumbani, nimeelekea kabati la nguo. Mwenyezi Mungu anapokea popote. Hilo nimelisoma na nimelifundisha. Lakini mtu aliyezoea kusimama safu moja na wenzake, bega kwa bega, akiswali peke yake muda mrefu anaanza kuisikia sauti yake mwenyewe kupita kiasi.

Sikuyasema haya kwa mtu. Mimi nimelelewa chuo cha Kurani, kwa mwalimu ambaye ukiulizwa hali, jibu lilikuwa moja. Una homa, Alhamdulillah. Umeshiba, Alhamdulillah. Kulalamika mbele ya watu ni kumshitaki Mola kwa viumbe vyake. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha watoto wa mtaa wetu jioni baada ya kufunga kazi, binti yangu akiwa mmoja wao. Sasa kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini aliingia chumbani kwangu akaniuliza, "Baba, umeamkaje? Kuna kitu unataka?" Nami kila asubuhi nilimjibu, "Alhamdulillah, mama, sina shida." Akaondoka ameridhika. Nilibaki nikimsikia mlinzi akilifunga geti nyuma ya gari lake.

Visu vilianza kama huruma. Mkwe wangu aliniona nimekaa bure, akaichomoa droo nzima akaniletea mezani. Alivijua vizuri kuliko nilivyodhani. Jioni alikuwa akiwatazama mafundi wa huko nje kwenye simu na kunieleza wanachofanya, nami nilimsikiliza kama mwanafunzi. Alinionyesha kwamba visu hivi vina mitindo inayokuja na kupita, kama nguo za harusi. Vyake vya kwanza vilikuwa vya kung'aa kama kioo. Ubapa wa namna hiyo umesuguliwa kwa msasa wa kukwaruza, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi, mwishowe kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, mpaka ukijitazama unaona kila unywele wa ndevu. Watu wakavichoka, maana ukivigusa tu alama ya kidole inabaki, na ukivitumia mara moja kukata kamba mkwaruzo unaonekana mpaka mlangoni.

Wakahamia vyeusi. Chuma kinavikwa utando mweusi mgumu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Hakimuliki, wala hakishiki kutu upesi. Navyo vikachosha, kwa sababu utando ukikwaruzika chuma cheupe kinachungulia kama goti kwenye suruali iliyochanika. Ndipo vikaja vya mawe. Ubapa unatiwa ndani ya pipa pamoja na vijiwe, pipa linazungushwa, vijiwe vinaugonga pande zote mpaka unatoka wa kijivu, una alama ndogondogo zisizohesabika.

"Hii ndio nzuri, Mzee," mkwe wangu akasema. "Kwa sababu imeshaumia tayari. Ukiongeza kuumiza, haionekani."

Nilimwambia kwamba Biryogo visu vyote viko hivyo na hakuna aliyewahi kuvisifu. Akasema basi Biryogo ilitangulia mtindo.

Kisu kimoja cha kioo kilikuwa na mkwaruzo mrefu uliomkera. Nilimwomba aniletee msasa, mafuta ya cherehani na kipande cha ubao bapa. Alileta pia bisibisi ndogo sana, akakifungua mwenyewe, skrubu na beringi zake akaziweka kwenye kisahani cha chai ili zisipotee. Nilifunika makali kwa utepe, nikauweka ubapa juu ya meza, nikaanza. Sikukirudisha kwenye kioo. Nilikipa mistari, ile tuliyokuwa tukiipa mikasi ya mafundi cherehani waliokuwa hawataki mwanga uwarudie machoni. Mistari haitaki nguvu. Unauzungushia ubao msasa, unatia mafuta kidogo, unavuta kutoka kwenye mpini kuelekea ncha, mvuto mmoja, unanyanyua, unarudi mwanzo. Kwenda na kurudi hairuhusiwi, maana ukirudi tu mstari unapinda mwishoni kama ndoana, na jicho halioni kitu kingine tena. Nilivuta nikisema tasbihi, mvuto na neno, mvuto na neno, na mchana ule ulikuwa wa kwanza kupita bila mimi kulitazama geti.

Mkwe wangu alikipokea, akaenda nacho dirishani, akakigeuza polepole. Chuma kilikuwa kimetulia, kinapokea mwanga bila kuurusha.

"Mzee," akasema, "hii iko hariri."

Akaenda nacho kazini. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunifunga, na nilikuwa najifunga mwenyewe. Wenzake wakaja na vyao. Siku za Jumapili mchana sebule ilijaa wanaume wenye mashati mazuri, kila mmoja anatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufutia miwani. Mmoja alitaka weusi uondolewe. Mwingine alitaka mawe, na kwa ajili yake mkwe wangu alikwenda Kimisagara kwa fundi wa kuchomelea, wakaunda pamoja pipa dogo kutokana na dumu na mota ya mashine ya kufulia. Lilifungwa gereji na lilikuwa likinguruma mchana kutwa. Jirani aliuliza kama tumeanza kusaga mahindi.

Niliwapenda wanaume wale. Walinipa heshima, walininyanyukia. Mmoja, aliyekulia Tanzania na mwenye maneno mengi, alimwambia mkwe wangu huku akinishika bega, "Ndugu yangu, mkwe kama huyu harudishwi kwao. Huyu unamfunga mnyororo." Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sauti, kisha nikaomba ruhusa nikaswali, na katika swala ile nilisahau nimefika rakaa ya ngapi.

Yuko mmoja aliyetaka chake kirudishwe kwenye kioo, kwa sababu alisikia kioo kinarudi tena kwa watu wa huko nje. Nilimwambia nitakifanya, lakini kwanza nikamweleza kwa nini mkono wangu haukipendi kioo. Miaka mingi nilikuwa nikiwachinjia majirani siku ya Idi. Sheria yetu inataka mnyama asionyeshwe kisu, wala kisinolewe mbele yake. Mwaka mmoja jirani alininunulia kisu kipya kinachong'aa, kwa nia njema kabisa. Nilikificha nyuma ya paja kama kawaida, lakini nilipokitoa, jua lilipiga ubapa, na doa la mwanga likapita ukutani, likapita juu ya uso wa mbuzi. Mbuzi aliyekuwa ametulia akaruka mpaka kamba ikamkata mguu. Tangu siku ile kisu changu cha kuchinjia nilikisugua mpaka kikawa na rangi ya wingu la mvua. Yule bwana alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kisu chake hakitakutana na mbuzi hata siku moja, na kweli, kilikuwa kisu cha kufungulia bahasha. Nikampa kioo chake. Lakini baada ya wao kuondoka nilikaa nikamfikiria yule mbuzi. Aliyefungwa kamba huona kila kinachomulika. Nami nilikuwa nimeshajua taa ya gari la binti yangu inavyopita juu ya ukuta kabla geti halijafunguliwa.

Jumamosi moja baada ya umuganda, ile kazi ya jamii ya kila mwisho wa mwezi, binti yangu na mumewe walikuja kibarazani na chai, wakakaa pande zangu mbili. Nilijua kuna habari. Nyuma ya jiko, walisema, wameamua kunijengea chumba cha kazi. Dirisha litatazama mashariki. Kutakuwa na meza ya urefu wangu, jiliwa jipya la kubania chuma, na feni ya kuvuta vumbi lisiniingie kifuani. Binti yangu alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akieleza alipokuwa mdogo. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo la kumalizia tu, kwamba na kule Biryogo amepata mtu mwema wa kuingia kwenye vyumba vyangu, mama mmoja mjane, fundi cherehani, ambaye hana mahali pa kuweka mashine zake. Atahamia mwezi ujao ukiisha. Nyumba haitakaa na panya.

"Unaonaje, Baba?"

"Alhamdulillah," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikulifikiria, kama vile mtu asivyofikiria kupepesa jicho. Binti yangu akauinamia mkono wangu akaubusu, mkwe wangu akamimina chai, na nyumba yangu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mafundi wakamwaga mchanga nyuma ya jiko, wakaanza kupanga matofali, na kila tofali nililisikia. Mezani kwangu kulikuwa na kisu cha mkubwa wa mkwe wangu ofisini, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, kilichotoka kwa fundi ambaye watu humsubiri miaka. Kilikuwa cheusi, utando umekwaruzika karibu na ncha. Mwenyewe alitaka weusi utoke na mistari iingie. Weusi nilikwisha kuutoa. Ilikuwa imebaki mivuto ya mwisho, ile inayoamua kisu kipate au kikose.

Nilikaa mbele yake asubuhi nzima bila kukigusa, kwa sababu wazo lilikuwa limenijia na nililiogopa. Mvuto mmoja wa kurudi nyuma ungetosha. Mstari mmoja upinde, tena karibu na katikati, mahali ambapo hakuna wa kuukosa. Mkubwa angekasirika kidogo, mkwe wangu angeona kwamba mkono wa mzee umechoka, wanaume wa Jumapili wangeacha kuja, na chumba kile nyuma ya jiko kingekuwa cha kuwekea mkaa. Nani angenilaumu? Mkono wa mtu wa umri wangu una haki ya kutetemeka. Nilichukua ubao, nikauweka juu ya chuma. Nikaukaza.

Sikuweza. Sijisifu kwa hilo. Kisu cha mtu kikiwa mezani kwako ni amana, na nimewafundisha watoto wengi mno maana ya neno hilo. Nilinyanyua ubao, nikaweka mikono yote miwili mapajani. Hivyo ndivyo mkwe wangu alivyonikuta aliporudi kula mchana. Alikitazama kisu, akanitazama mimi.

"Haijaisha, Mzee?"

"Bado."

"Iko ngumu?"

"Hapana. Ni laini."

Hakuondoka. Kwetu mkwe hamhoji baba mkwe. Ana mipaka, na yeye aliijua. Lakini visu vilikuwa vimetufungulia njia ndogo ya kuongea. Akavuta kiti, akachukua kisu chake mwenyewe mfukoni, kile cha mawe, akakiweka kando ya kile cha mkubwa.

"Mimi nataka kusema kitu, unisamehe," akasema. "Wewe Mzee uko kama hii yangu. Mtu anaangalia, anaangalia, hawezi jua kama imeumia leo ama zamani."

Nilifikiri jibu la kumshukuru, na lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Nataka kurudi kwangu," nikamwambia.

Nje mafundi walikuwa wakichanganya saruji. Akaniuliza kama mkewe anajua, nikasema hajui. Akatikisa kichwa, akasema yeye hawezi kumwambia, kwa sababu akimwambia yeye itakuwa kama mume amemfukuza baba. "Umwambie wewe. Mimi nitakaa karibu, nitanyamaza."

Nilimwambia kabla ya magharibi. Alikuwa kibarazani amevua viatu vya kazini, anachambua mchicha kwenye sinia, na mumewe amekaa kwenye ngazi, amenyamaza kama alivyoahidi. Nilisema kwa maneno machache. Nikasema nyumba yake ni njema na mume wake ni mwema, na kwamba nakufa kwa kuliangalia geti.

Vidole vyake havikusimama. "Lakini nakuuliza," akasema. "Kila siku nakuuliza, Baba. Kila siku unasema huna shida."

"Nilikuwa namshukuru Mungu. Sikuwa nakujibu wewe."

Hapo vidole vilisimama. Nilidhani atalia, lakini alikuwa amekasirika, na hasira yake ilinipa heshima kuliko machozi. Akaniambia asubuhi ile nilipoanguka walimpigia simu wakasema njoo, kisha simu ikakatika. "Kutoka hapa mpaka Biryogo nilikuwa nimeshakuzika. Niko kwenye gari nafikiria nani atakuosha. Nani anajua sanda zinauzwa wapi. Nilipofika nikakukuta unaongea, unawaomba watu radhi kwa kuwachelewesha." Akaitazama sinia. "Safari ile siwezi kuifanya tena. Ndio maana ya geti. Si kwamba sikuoni."

Kumbe na yeye amekuwa ndani ya geti lile lile, na ufunguo aliokuwa nao haukuwa unamfungulia. Akarudi kwenye mchicha wake. Mkwe wangu ndiye aliyevunja ahadi yake ya kunyamaza. Alisema yule fundi wa Kimisagara anaweza kutia chuma cha kushikilia kando ya ngazi zote za kichochoro, kuanzia barabarani mpaka mlangoni. Kisha Mzee apande, wao wakimtazama. Akishindwa, arudi kwenye chumba kipya na asinune.

Binti yangu alisema anakubali kwa sharti moja. Hatanigusa nikipanda. Lakini nikichoka nitasema nimechoka, na nikiumwa nitasema naumwa, kwa sauti, popote nitakapokuwa na mbele ya yeyote. "Nikikuona umechoka na hujasema, tunageuza gari. Hata kama umebakiza ngazi moja."

Nilikubali. Usiku ule sikuhofia ngazi, nilihofia lile sharti.

Kesho yake nilikimaliza kisu cha mkubwa. Mistari ilitoka safi kutoka mwanzo hadi ncha. Chuma cha ngazi kilichukua muda zaidi, kwa kuwa majirani wote walikuwa na maoni kuhusu kimo chake, lakini kilifungwa, na Alhamisi moja tukaenda.

Sehemu ya chini ya Biryogo, kule walikozuia magari kupita wakapaka barabara rangi, watu walikuwa wamekaa nje wanakunywa chai. Niliingia kichochoroni, fimbo mkono mmoja, chuma mkono mwingine, binti yangu nyuma yangu mikono ameikunja kifuani. Mkwe wangu alikuwa nyuma yake na mfuko wangu wa nguo. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mafundi cherehani walisimamisha mashine mmoja baada ya mwingine wakanisalimia. Muuza nyama wa pembeni, ambaye visu vyake nimevinoa tangu enzi za baba yake, alitoka na aproni yake akaniuliza kama nimerudi au nimekuja kutalii kama wazungu. Nikamwambia itategemea ngazi. Akasema ngazi ni za kwetu, tutaziamuru.

Kwenye kona, kichochoro kinapozidi kupanda, goti langu la kushoto liliwaka. Pumzi nayo ikawa haishuki chini. Watu walikuwa wananitazama, wengine niliowafundisha alifu na be, sasa wana ndevu. Muuza nyama, aliyekuwa akitufuata, alisema kwa furaha, "Mzee wetu bado chuma." Nilikuwa nimebakiza kidogo. Ningeweza kufika. Ningetabasamu, nikavuta mguu, nikafika, na hakuna ambaye angejua ila Mungu na mimi.

"Nimechoka," nikasema.

Halikusikika vizuri. Binti yangu akasema, "Baba?"

"Nimechoka. Na goti linauma."

"Sana?"

"Sana. Lilianza kule chini."

Mashine zikasimama. Niliona aibu niliyokuwa sijaiona tangu utotoni. Muuza nyama aligeuka akautazama mlango wa duka lake kule chini. Kisha mama mmoja akatoka na kigoda, akakiweka pale katikati ya njia, na mimi nikakaa mbele ya watu wote kama bidhaa. Binti yangu alisimama kando yangu. Hakunigusa, maana alikuwa amesema hatanigusa. Alikaa kwenye ngazi, sketi yake ya ofisini juu ya jiwe, akaegemeza mgongo ukutani, tukawa tunapumua wote. Muuza nyama alirudi na kikombe cha maji. Mashine zikaanza tena, moja moja.

Nilipokuwa tayari nilimwambia niko tayari, naye aliniamini. Tukapanda zilizobaki.

Mlango wangu ulikuwa wazi. Fundi cherehani yule mjane alikuwa amekwisha kuhamia siku chache kabla ya wakati, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia mambo yamebadilika. Mashine zake mbili zilikuwa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na vitambaa vimejaa kwenye ndoo. Alituangalia sote, akaangalia mfuko wa nguo, akaelewa. Akaanza kukunja kitambaa polepole, kama mtu anayeambiwa aondoke na hataki kulia. Nikamwuliza kama chumba cha mbele kinamtosha. Akasema kinamtosha na kinabaki. Nikasema mimi chumba cha nyuma kinanitosha.

Binti yangu alimwuliza swali moja tu: analala usingizi wa namna gani.

"Mwepesi, dada," yule mama akasema. "Panya akikohoa nimeamka. Mzee akidondosha kijiko, utakuwa umeshapigiwa simu."

Waliandikiana namba za simu pale pale. Kwa hiyo nimebadilishiwa mlinzi, na huyu wa sasa ana masikio. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake, nami nasema kweli kwamba zipo siku ananichosha. Alfajiri nashuka kwa chuma, nikipumzika kwenye kona. Swala nyingine, goti likikataa, naswali nyumbani. Si yote niliyoyataka. Mkwe wangu huja Jumapili na visu vyake mfukoni. Ameniambia mistari sasa ndiyo inayotafutwa, na mwaka ujao watataka kitu kingine.

Siku ile waliondoka kabla ya giza. Binti yangu alikagua kitanda, akakagua maji, akafungua dirisha akalifunga. Nilisimama mlangoni mpaka wakafika kwenye kona. Hakugeuka kutazama nyuma. Nilitaka kumwita, nikaona nikimwita atarudi na hatashuka tena, nikanyamaza. Fundi cherehani akaniuliza kutoka ndani kama nimechoka.

Nikamwambia ndiyo. Akasogeza vitambaa vyake, akanipisha kwenye kiti.